Gari Likivuma Mbele



Juma hili tuzungumze juu ya sauti ambayo wengi wenu mmeisikia mkiwa nyuma ya gari la parokia au la kijiji. Gari likishika mwendo, upande wa mbele huanza kuvuma kama nyuki ndani ya mzinga. Likipunguza mwendo, sauti hushuka, likisimama, hunyamaza. Dreva mmoja atasema ni tairi. Mwingine atasema ni gia. Wa tatu ataongeza sauti ya redio, na kwake yeye shida imekwisha.

Wahenga walisema, ngoma ivumayo haidumu. Lakini kabla ya kutoa fedha, yafaa tuliulize gari lenyewe, swali moja baada ya jingine. Kuuliza hakuna gharama, bali jozi ya tairi zilizonunuliwa bure ni hasara kubwa.

Swali la kwanza: Je, ni injini au ni magurudumu? Simamisha gari, ondoa gia, kanyaga mafuta taratibu. Likivuma hata hapo, tafuta penye injini: mkanda, feni, alteneta au pampu ya usukani. Lisipovuma, nenda kwenye njia nyofu isiyo na watu, shika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kisha kanyaga klachi na uondoe mguu kwenye mafuta. Usizime injini, maana breki na usukani vitakuwa vizito. Ikiwa injini imetulia na mvumo unaendelea, basi unatoka katika vitu vinavyozunguka pamoja na magurudumu.

Swali la pili: Je, ni tairi? Sauti ya tairi hufuata njia. Ukitoka kwenye lami mpya ukaingia lami kuukuu yenye kokoto zilizochomoza, hubadilika mara moja; sauti ya beringi haibadiliki sana. Gari likisimama, pitisha kiganja juu ya kashata za tairi, kwenda na kurudi. Zikikwaruza upande mmoja kama meno ya msumeno, tairi zimelika vibaya. Hamisha za mbele ziende nyuma, kila moja upande wake ule ule. Mvumo ukihama pamoja nazo, umepata jibu.

Swali la tatu: Ni upande gani? Gari likiwa katika kona ndefu, uzito wake huegemea upande wa nje. Ukikata kushoto, gurudumu la kulia ndilo linalobeba zaidi. Basi mvumo ukizidi unapokata kushoto, lishuku kwanza la kulia. Ukizidi unapokata kulia, lishuku la kushoto. Hiyo ni dalili tu. Hukumu ingoje jeki.

Swali la nne: Gurudumu lenyewe lasemaje? Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua mbele na uweke stendi imara. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Kucheza kukikoma, kosa li katika beringi. Kukiendelea, fundi atazame viungo vingine. Kisha zungusha gurudumu polepole, kiganja cha pili kikiwa juu ya springi. Beringi nzima huzunguka kwa ulaini. Iliyoharibika utaihisi mkononi ikisaga kama mtama juu ya jiwe. Nyingine huvuma ingawa gurudumu halichezi, kwa hiyo usiache jaribio hili la pili.

Katika zile Land Cruiser ngumu za aina ya 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambazo misioni nyingi huzitumia, kila gurudumu la mbele lina beringi mbili zinazoweza kufunguliwa, kuoshwa kwa mafuta ya taa, kukaguliwa na kutiwa grisi mpya. Rola zenye vishimo au rangi ya buluu ya kuungua zisirudishwe; beringi mpya iwekwe pamoja na pete yake ya nje. Magari mengi madogo ya siku hizi yana beringi iliyofungwa kabisa. Hiyo haitiwi grisi; hubadilishwa nzima.

Adui mkubwa wa beringi ni maji. Gari likivuka mto wakati habu zina moto, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, ikavuta maji na matope kupitia sili iliyochakaa. Grisi hugeuka kama uji, na chuma huota kutu. Kwa hiyo masika yakiisha, gari lililovuka mito likaguliwe habu hata kama halivumi.

Labda mtasema: Sisi hatuna gari, yatuhusu nini? Ndugu zangu, ninyi ndio mnaopanda nyuma. Mama anayekimbizwa hospitali usiku kujifungua, wanakwaya, watoto wanaopelekwa kwenye Kipaimara, wote wanabebwa na beringi ile. Ikiachwa hupata moto, rola huvunjika, na gurudumu laweza kuchomoka njiani. Amri ya tano yatukataza kuua, na yatudai pia tuutunze uhai wa jirani. Dreva anayesikia akanyamaza, na kamati inayosema tungoje mavuno, wajihoji mbele ya Mungu.

Nanyi abiria, msione haya. Mkisikia mvumo, mwambieni dreva kwa heshima: "Baba, gurudumu la huku linavuma." Dreva mwenye busara atashukuru.

Mungu awalinde safarini.

Wenu, Karani wa Parokia