MITARO YA BONDENI ISIFUNGULIWE



Wiki iliyopita, usiku, mtu alifukua kizuizi kimoja cha mtaro kule bondeni. Jina lake hatulitafuti. Sababu tunaijua, maana inasemwa wazi kilabuni na kisimani: eti tuliziba mitaro mwaka juzi, mafunjo hayajarudi, pamejaa magugu matupu, basi heri tulime.

Sisi tunasema hapana.

Udongo ule mweusi ni majani na mizizi iliyolala majini miaka mingi bila kuoza. Huongezeka kama milimita moja tu kwa mwaka. Kina cha mkono mmoja ni kazi ya mamia ya miaka! Tulipochimba mitaro, maji yalitoka, hewa ikaingia, udongo ukaanza kuoza na kudidimia. Wote tuliona moto wa kiangazi ukifukuta chini kwa chini, hauzimiki. Kisima nacho kikakauka.

Sasa maji yamerudi, na mimea ina zamu zake. Kwanza hufa magugu ya nchi kavu, kwa sababu mizizi yake hukosa hewa. Halafu huja nyasi za majimaji na matete, kutoka kwenye mbegu zilizolala udongoni na vipande vya mizizi vilivyobaki. Mafunjo hutambaa polepole kutoka pale yaliposalia. Kwa hiyo hayo mnayoyaita magugu ni dalili kwamba kazi inakwenda. Ukifungua mtaro, zamu zinaanza upya.

Tusidanganyane lakini. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza walichokiona Ulaya, walipolinganisha mabonde ya namna hii 320 yaliyorudishiwa maji na mengine 243 ambayo hayakuharibiwa. Yale yaliyorudishiwa maji yalijaa majani marefu, na hata baada ya miaka mingi mimea yake haikufanana na ya zamani. Kuharibu ni siku moja, kuponya ni kazi ya vizazi. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza mapema, wala si sababu ya kuacha.

Jirani zetu wa Rwanda wamelipitia hili. Bonde la Rugezi lilipotolewa maji na kulimwa, maziwa ya Burera na Ruhondo yalipungua, na kufikia mwaka 2004 umeme wa mitambo ya Ntaruka ulikuwa umeshuka vibaya. Serikali ikasimamisha kilimo bondeni, na maji yakarudi. Mwaka 2010 nchi hiyo ilipewa tuzo. Ila waliokuwa wakilima mle walipoteza mashamba yao, na wengi walitaabika.

Hapo ndipo na sisi tulipokosea, jamani. Tuliziba mitaro, lakini wenye vishamba vya bondeni hatukuwapa kitu. Mtu mwenye njaa humwambii asubiri mafunjo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwenye mkutano ujao:

1. Kizuizi kirudishwe kwa kazi ya pamoja, kabla ya mvua.
2. Waliopoteza vishamba wagawiwe kwanza shamba la ushirika la kilimani.
3. Mafunjo yakikomaa, hao hao wawe wa kwanza kukata ya mikeka, kwa zamu, bila kung'oa mizizi.

Bonde ni letu sote, na hasara yake isibebwe na wachache. Njooni mkutanini tuamue.

Kamati ya Gazeti la Ukutani