Mche Safi Usio na Wenzake

Januari 2025 viongozi wa Umoja wa Afrika walikutana Kampala wakapitisha azimio jipya la kilimo, la kuanzia 2026 hadi 2035. Mazao ya chakula yaongezeke kwa asilimia 45, upotevu baada ya mavuno upungue kwa nusu, na zitafutwe dola bilioni 100. Miezi minane kabla ya hapo, jijini Nairobi, walikuwa wameahidi kwamba uzalishaji na usambazaji wa mbolea utazidishwa mara tatu ndani ya miaka kumi. Afya ya udongo imetajwa, na ni haki kusema hivyo. Lakini kinachopimwa ni tani, hekta na fedha. Viumbe wanaoufikisha mzizi kwenye chakula chake hawakuhesabiwa popote. Hilo ni kosa, na Uganda ndiyo ilistahili kuliona kabla ya wengine, maana sehemu ya ushahidi ilitoka kwenye migomba yake yenyewe.

Zaidi ya theluthi mbili ya mimea ya nchi kavu huishi na fangasi wa mizizi. Urafiki huo ni wa zamani mno: visukuku vya Rhynie huko Scotland vinaonyesha kwamba ulikuwapo miaka milioni 400 iliyopita. Mgomba, mhogo, mbuni na mhindi, yote imo. Udongo mwekundu wa Uganda una chuma na alumini nyingi, na madini hayo huishikilia fosforasi isiufikie mmea hata pale ilipo ya kutosha. Mzizi hunyonya iliyo karibu nao, kisha hukwama. Nyuzi za fangasi, ambazo ni nyembamba kuliko mzizi wowote, hupenya mbele zaidi na kuileta fosforasi, nao mmea huzilipa kwa sukari. Ukimwaga mbolea ya fosforasi kupita kiasi, mmea huacha kulipa, na fangasi hufifia. Kulima na kutifua shamba kila msimu huzikata nyuzi hizo kabla hazijatandaa.

Watetezi wa mbolea wana hoja zao. Mkulima wa Uganda hutumia mbolea kidogo mno, kilo chache tu kwa hekta, ilhali lengo ambalo viongozi wa Afrika waliliweka Abuja mwaka 2006 lilikuwa kilo 50. Fangasi hawaumbi virutubisho. Ardhi iliyochoka inahitaji kurudishiwa kilichochukuliwa. Tena soko limejaa chupa na pakiti za ahadi tupu: mradi wa COMPRO, ulioanza 2009, ulipima bidhaa zaidi ya 100 za kibiolojia na za kemikali zilizokuwa zikiuzwa Afrika, na nyingi hazikuonyesha faida. Yote ni kweli. Hakuna hata moja linaloeleza kwa nini nchi imwondolee mkulima fangasi aliokuwa nao bure, kisha imwache bila kitu.

Na ndivyo inavyofanyika kwenye miche.

Tangu mnyauko wa bakteria ulipoonekana Mukono na Kayunga mwaka 2001, wakulima wa matoke wamehimizwa waache kuchukua machipukizi kwa jirani na badala yake wanunue miche ya tishu. Ushauri huo ni mzuri. Chipukizi la jirani hubeba mayai ya fukusi, minyoo ya mizizi na bakteria. Kwa hiyo kipande kidogo cha mgomba husafishwa kwa dawa, hukuzwa ndani ya chupa kwenye chakula kisicho na kijidudu hata kimoja, kisha huhamishiwa kitaluni, mara nyingi kwenye udongo uliopikwa kwa mvuke. Mche unatengwa na maradhi mara mbili. Unatengwa pia, mara mbili, na fangasi ambao mgomba wa kawaida huwapata kwa mama yake na kwenye udongo unaouzunguka. Unapofika Luweero au Masaka, fukusi na minyoo wamo shambani tayari. Ni kama mtoto aliyelelewa chumba cha peke yake na kupelekwa sokoni siku ya kwanza anapotembea.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Katika miaka ya 1990, watafiti wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA nchini Uganda wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Bonn waliwatoa fangasi wa aina nyingine, wanaoishi ndani ya mgomba wenyewe, kutoka migomba ya Uganda yenye afya. Wengi wao walikuwa Fusarium oxysporum asiyedhuru. Walipowarudisha kwenye miche ya tishu, baadhi walipunguza minyoo aina ya Radopholus similis mizizini, na katika maabara mayai na mabuu ya fukusi yalikufa kwa wingi. Kazi iliendelea muongo uliofuata. Pamela Paparu, mtafiti wa Uganda, alichunguza namna fangasi hao wanavyoingia na kudumu ndani ya mgomba. Njia yenyewe ni rahisi: mizizi ya mche huchovywa kwenye maji yenye spora kabla ya kupandwa kitaluni. Nchini Kenya, Joyce Jefwa na wenzake walifanya majaribio kwa fangasi wale wengine, wa fosforasi, wakaona miche ya tishu ikikua vizuri zaidi.

Si kila jaribio lilifaulu. Wapo waliomtumia fangasi wa Uganda wasione msaada wowote. Na jina la Fusarium linatisha kwa haki: ukoo huo ndio ulioleta mnyauko wa kahawa ulioonekana Bundibugyo mwaka 1993 na kuangamiza mibuni mingi ya robusta, na ndio unaonyausha migomba ya bogoya na sukali ndizi hadi leo. Hofu hiyo inadai upimaji makini zaidi, aina kwa aina, shamba kwa shamba. Haidai kimya. Zaidi ya miaka ishirini imepita, vijana wamepata shahada za uzamivu kwa migomba ya Buganda, makala yamechapishwa kwenye majarida ya Ulaya, na kuurudishia mche fangasi wake bado si sharti la kitalu. Kila mwaka miche mitupu inagawiwa, sehemu yake inaanguka, na mkulima anaambiwa hakuweka mbolea ya kutosha. Huko ni kumtwika lawama isiyo yake.

Ukaguzi wa vitalu ukitazama magonjwa pekee hautoshi. Wizara ya kilimo na shirika la utafiti NARO zina uwezo wa kuagiza kwamba mche wa tishu usiuzwe kabla mizizi yake haijapewa fangasi waliopimwa, na kwamba sampuli za mizizi zitazamwe kwa hadubini kuthibitisha kuwa wamo. Ujuzi wa kutunza chanjo hai haukosekani: Chuo Kikuu cha Makerere kimetengeneza kwa miaka mingi chanjo ya bakteria wa mizizi ya soya na maharage, na wakulima wanaitumia.