Katanika: barabarani, au katika vikundi vidogo?

Msaada ukichelewa au maji yakikosekana, vijana wa Katanika husema: tushuke barabarani mpaka Kalemie mjini. Wamama wengi hujibu: tujipange kwanza katika vikundi vyetu. Kila upande una haki, lakini hakuna unaotosha peke yake.

Mjadala huo ni wa zamani. Huko Hispania, waanakisti, yaani watu wanaokataa kutawaliwa kutoka juu, waligawanyika hivyo hivyo. Wengine walitegemea CNT, chama kikubwa cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka 1910. Wengine walitegemea vikundi vidogo vya watu wanaoaminiana, ambavyo viliungana mwaka 1927 na kuitwa FAI.

Hapa Kongo, mfano wa karibu ni LUCHA, iliyozaliwa Goma mwaka 2012. Vijana hao hawana rais, na walianza kwa kudai maji na kazi bila silaha. Tarehe 16 Februari 2016, sita kati yao walikamatwa alfajiri wakitayarisha mabango ya siku ya kufunga mji. Walikuwa ndani ya nyumba, si barabarani. Walihukumiwa miaka 2 gerezani, kisha rufaa ikapunguza mpaka miezi 6.

Kwa hiyo kujificha katika kikundi kidogo si kinga. Umati nao hutawanyika jioni, na kesho yake hakuna anayefuatilia ahadi za viongozi.

Nguvu ya kikundi kidogo ni kujuana. Katika likelemba, wamama wanajua nani ni mgonjwa, nani ana mtoto mchanga, nani alikimbia mapigano ya Watwa na Waluba akaacha kadi yake ya uchaguzi nyumbani iliyoungua. Mtu asiye na kitambulisho, akikamatwa, taabu yake ni kubwa kuliko ya mwanafunzi wa mjini. Ndiyo maana uamuzi wa kuandamana unapaswa kutoka katika vikundi hivyo, si kwa mtu mmoja mwenye sauti kubwa.

Katiba ya 2006, kifungu cha 26, inalinda uhuru wa kuandamana. Inataka waandaaji wapashe serikali habari kwa barua, na inasema hakuna anayeweza kulazimishwa kushiriki. Basi jirani anayebaki nyumbani asiitwe msaliti. Anaweza kulinda watoto wa wale walioenda.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kabla ya kutoka, kila kikundi kichague watu wa kurudi ofisini wiki inayofuata kuuliza jibu.