Shokapu za Mtumba ni Ghali Kuliko Mpya

Biashara ya vipuri vya magari katika miji ya Kasulu na Kibondo sasa inafuata lami. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa kujenga barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, yenye urefu wa kilomita 260 hivi. Lami hiyo imefungua njia kwa magari madogo yaliyokuwa yakiogopa tope na vumbi la nyanda hizi, zikiwamo Subaru Impreza na Toyota Altezza za zamani, magari ya mwendo kasi yanayopendwa na vijana.

Magari haya ni makuukuu. Aliyeagiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 hutozwa ushuru wa nyongeza kwa sababu ya uchakavu. La kushangaza ni kwamba shokapu zinapokufa, mwenye gari huyohuyo hukimbilia shokapu zilizofunguliwa kutoka gari jingine kuukuu la Japani. Uchakavu anaulipia mara ya pili, na safari hii kwa hiari yake.

Hoja ya wengi ni bei. Tufanye hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Chukulia jozi ya mtumba ni Sh. 120,000 na ufundi Sh. 30,000, nayo ikadumu kilomita 10,000. Umetumia Sh. 15 kwa kila kilomita. Jozi mpya ikiwa Sh. 400,000, ufundi uleule, ikadumu kilomita 60,000, umetumia Sh. 7 na senti kidogo. Msomaji aweke bei aliyotajiwa dukani, kisha amuulize muuzaji wa mtumba swali moja: shokapu hii imetembea kilomita ngapi? Jibu hana, kwani hakuna mita inayohesabu umri wa shokapu.

Aidha, hesabu hiyo haijagusa tairi. Kazi ya kubeba gari ni ya springi. Shokapu huituliza springi kwa kusukuma mafuta katika matundu madogo ndani yake. Sili ikichoka mafuta huvuja, gurudumu hudundadunda, tairi huliwa kwa mabaka na bushi hufuata. Gari hulala kwenye kona, huinamisha pua likifunga breki, na huchelewa kusimama. Barabara ya vumbi ilimlazimisha dereva kwenda taratibu, hivyo ubovu huo ukafichika. Lami imemwongezea mwendo, na upande wa pili kuna watoto wa shule, baiskeli na bodaboda. Hapo ndipo bei ya shokapu inapoacha kuwa suala la mfuko wa mtu mmoja.

Wapo wanaojitetea kwamba Impreza ni gari la Safari Rally. Ni kweli, Colin McRae alishinda nalo mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Lakini timu zile zilifuatwa na mafundi wenye shokapu mpya. Hazikutegemea shokapu kuukuu zimalize safari.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba hata "mpya" nyingine ni bandia. Dawa yake ni risiti yenye jina la duka, namba ya kipuri na muda wa dhamana. Tume ya Ushindani ina jukumu la kupambana na bidhaa bandia, lakini mlalamikaji asiye na risiti hana pa kuanzia. Mfanyabiashara wa Kasulu anayeagiza kutoka Kariakoo angejijengea soko kama angetenga rafu mbili zenye maandishi wazi, mpya na mtumba, na kuwaruhusu wateja walipe kidogo kidogo hadi mavuno ya maharage.

Mafundi nao wana sehemu yao. Shokapu hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia, kwani moja mpya na moja nzee huvuta gari upande. Kwenye Impreza springi imekaa juu ya shokapu, nayo lazima ibanwe kwa kibanio chake maalumu kabla nati ya juu haijafunguliwa. Anayeifunga kwa waya anacheza na roho yake. Raba ya juu iliyokwisha ibadilishwe papo hapo. Boliti ya juu ya shokapu za mbele ndiyo inayorekebisha mlalo wa gurudumu, kwa hiyo iwekewe alama kabla ya kufunguliwa, na baada ya kazi magurudumu yapimwe upya. Gereji isiyo na kipimo imwambie mteja ukweli, ili atenge fedha ya kupimia mjini Kigoma.

Asiye na fedha ya jozi zote mbili aanze na ile iliyochoka zaidi, na apunguze mwendo hadi atakapopata ya pili. Hilo ni nafuu kuliko kununua nne za mtumba kwa mkupuo na kurudi dukani baada ya masika moja.