Makaa ya Shisha Hayasomi Hukumu

Januari 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa shisha. Ilisema marufuku ya Desemba 2017 haikufuata utaratibu: kanuni za Waziri wa Afya wa wakati huo, Cleopa Mailu, hazikufikishwa Bungeni. Kisheria sina ugomvi na hukumu hiyo. Kilichonikera ni shangwe iliyofuata, watu wakisema kana kwamba hakimu ameupima moshi wenyewe na kuukuta safi. Nasi Voi tuko njiani; kinachoruhusiwa Mombasa hufika huku kabla ya gazeti.

Watetezi wana hoja zao. Biashara, watalii wa Tsavo, mtu mzima na hiari yake. Wajuzi zaidi hutaja utafiti wa Enstrom na Kabat wa 2003, ambao haukuona madhara makubwa ya kuvuta moshi wa mwenzako. Fedha za kampuni za tumbaku zilichangia gharama zake. Miaka 22 kabla yake, mtafiti Hirayama alikuwa amekwisha kuonyesha kule Japani kwamba wake wasiovuta, walioolewa na wavutaji, walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Tuendelee.

Hoja ninayoisikia zaidi ni hii: “Yetu haina tumbaku, ni ladha ya matunda tu.” Sawa. Inaunguzwa kwa nini? Kwa makaa. Muulize mzazi yeyote wa Wundanyi, kule baridi ya Julai inakoingia hadi kitandani, kama anaweza kumlaza mtoto na jiko la makaa, mlango umefungwa. Atakushangaa. Anajua kuna nyumba zilizoamka na maiti. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushika damu mahali pa oksijeni. Maji ya chungu cha shisha huupoza moshi. Gesi hiyo hayaizuii. Shirika la Afya Duniani linasema kikao cha saa moja humfanya mvutaji avute moshi wenye ujazo mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Unaobaki hewani unavutwa na nani?

Na weita. Ndiye anayepuliza makaa huko nyuma, anayabeba kwa koleo, anayabadilisha meza hadi meza. Mteja hulipa akapanda basi la Nairobi. Yeye zamu bado inamngoja. Kumwambia atafute kazi nyingine, katika kaunti ambayo nje ya mkonge na hoteli ajira zenyewe ni za kuokoteza, ni ufedhuli.

Wala tusidanganyane kwamba sheria imekufa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta hadharani nje ya maeneo yaliyotengwa, faini hadi shilingi 50,000 au kifungo cha miezi 6, na shisha yenye tumbaku imo humo bila msaada wa kanuni za Mailu. Pengo liko kwenye ile “ya matunda”. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliipa Wizara miezi 9 ipeleke kanuni Bungeni. Kutoka Afya House, makao ya Wizara, hadi Bungeni ni safari ya miguu. Ilikosa nini, nauli?

Maafisa wa afya ya umma wa kaunti yetu ya Taita Taveta hukagua jikoni na vyoo vya mahoteli. Waingie na chumba cha shisha, saa nne usiku, kimejaa, wamuulize anayebeba makaa kichwa kinamuuma tangu saa ngapi.