Mzigo wa Kuni Upunguzwe



Ukimwuliza mwanamume wa Arua au Koboko ni jambo gani angependa libadilike katika maisha yake, kwa kawaida atataja barabara, umeme na kazi za vijana. Hakosei. Lakini mambo hayo yameanza kuja. Barabara itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko mpaka Oraba mpakani, imetiwa lami. Arua ilifanywa jiji mwezi wa Julai 2020. Na mwaka 2024 umeme wa gridi ya taifa ulifika, baada ya miaka mingi ya kutegemea mashine za mafuta na kituo kidogo cha maji cha Nyagak. Mwulize mama wa nyumba swali lilo hilo, naye atakutajia kuni.

Nami nakiri kosa langu. Zamani, kila nirudipo nyumbani kwa likizo, nilikuwa nikiuliza kama chakula kimeiva. Sikuuliza kimeivishwa kwa nini. Siku moja nilifuatana na binti yangu kwenda kuni. Tulitoka alfajiri, tukarudi jua li utosini, na shingo ikaniuma siku mbili. Ndipo nilipofahamu kwa nini mwalimu wake alilalamika kwamba hukosa masomo kila juma. Mtoto hakuwa mvivu. Alikuwa akitafuta moto wa chakula changu.

Tusidhani kwamba umeme utaondoa taabu hii kesho. Nchini Uganda zaidi ya kaya tisa katika kila kumi bado hupika kwa kuni au makaa. Na miti imepungua. Kwa miaka mingi West Nile ililima tumbaku, ambayo hukaushwa kwa moto uwakao usiku na mchana kwa siku kadhaa. Matofali nayo huchomwa kwa kuni. Makaa yalisafirishwa kwa malori, hata Rais akapiga marufuku biashara yake kaskazini mwa nchi mwezi wa Mei 2023.

Wako wanaowatupia lawama wakimbizi. Ni kweli kwamba tangu vita vya Juba vya mwaka 2016 wageni wengi wameingia, na makazi kama Bidi Bidi yanahitaji kuni kila siku. Lakini tukumbuke kwamba baada ya mwaka 1979 ni sisi tuliokimbilia Sudan na Zaire, tukakata miti ya wenyeji wetu ili watoto wale. Mgeni na mwenyeji wote wana chungu mekoni, na dawa ni moja kwa wote.

Kwanza, jiko. Mafiga matatu hupoteza moto mwingi pembeni. Jiko la udongo halihitaji fedha: chukua udongo wa kichuguu, uchanganye na majani makavu yaliyokatwa vipande na maji, uukanyage mpaka ulainike. Panga vipande vya mgomba mahali pa njia ya moto, na vingine mahali pa kuketi vyungu na pa kutolea moshi, kisha shindilia udongo kuvizunguka. Liache likauke polepole kwa majuma mawili au matatu, ndipo uvitoe vipande hivyo na kuwasha moto mdogo. Kuni zitumikazo hupungua sana, na macho ya mama hupumzika na moshi.

Pili, mazoea ya jikoni. Kuni ziwe kavu na zipasuliwe nyembamba. Maharagwe yalowekwe tangu usiku. Sufuria ifunikwe. Chakula kikisha iva, moto uzimwe na vijinga vihifadhiwe kwa kesho.

Tatu, miti. Mjohoro na mwarobaini hustahimili ukame wetu, na mjohoro ukikatwa huchipua tena. Mkaratusi hukua upesi, lakini usiupande karibu na kisima, maana hunywa maji mengi. Mwenye kiwanja kidogo apande mpakani. Miche ipandwe mvua zinapoanza, izungushiwe miiba mbuzi wasiifikie.

Sasa nawageukia ninyi, ndugu askari wa jeshi na polisi. Wengi hudhani kuni ni kazi ya wanawake. Lakini kambini askari huchimba handaki, hukata kuni, hupika, wala hapungukiwi na uanaume wake. Iweje akivuka kizingiti cha nyumba yake ajifanye mgeni? Likizo ijayo, tenga siku mbili za kukanyaga udongo na siku moja ya kuchimba mashimo ya miche. Ukiwa mbali, uliza katika barua au simu habari za miche kama uulizavyo habari za mifugo.

Barabara na umeme huletwa na serikali, nasi tuna haki ya kuvidai. Lakini mzigo ulio juu ya kichwa cha binti yako waweza kupunguzwa na wewe mwenyewe, kwa udongo ulio nyuma ya nyumba yako. Binti yangu hakosi tena masomo kwa ajili ya kuni.