Lowesha Jiwe Kabla ya Nyundo Kushuka

Wewe unayegonga kokoto Tarime au Serengeti, na wewe unayejiandaa kufunga krasha, mashine ya kupasua mawe kuwa kokoto, soma hili kabla ya kurudi kazini: vumbi la mawe yetu linaharibu mapafu, na likishayaharibu hakuna dawa ya kuyarudisha.

Kwamba mawe haya ni mali, sibishi. Vilima vya matale (graniti) vya Tarime na Serengeti ni mwamba mkongwe, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Jiwe lake ni gumu, mahali pengi liko juu ya ardhi, na barabara, shule na zahanati zinalihitaji. Kazi itaongezeka, na watakaolivuta vumbi wataongezeka pia.

Ndani ya matale mna madini ya kwatzi kwa wingi, mara nyingi robo ya jiwe au zaidi. Nyundo ikipiga, kwatzi hupasuka kuwa chembe ndogo mno. Vumbi linaloganda kwenye nyusi ni lile kubwa. Linaloua halionekani: hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyofutika. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Huweza kuchukua miaka kumi kujitokeza, hivyo kijana anayejiona mzima leo asijidanganye. Mgonjwa wake hushikwa kirahisi na kifua kikuu. Anaweza kumaliza dozi, akapona kifua kikuu, na pumzi isirudi. Wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani wanaujua uchungu huu. Tena tangu 1997 vumbi hili la kwatzi limo katika orodha ya kimataifa ya visababishi vya saratani.

Khanga mdomoni haizuii chembe hizo. Maji husaidia zaidi: mwagia jiwe kabla ya kuligonga, na uligonge likiwa bado bichi. Mwenye krasha anyunyizie maji pale jiwe linapoingia na pale kokoto zinapodondoka, na awape wafanyakazi barakoa za kuzuia vumbi laini. Kaa upande upepo unakotokea. Akina mama, nawasihi, msilaze watoto kando ya rundo la kokoto.

Ukikohoa wiki mbili, nenda kituo cha afya na umweleze daktari kwamba unagonga mawe. Asipojua, atatafuta kifua kikuu peke yake.

Nanyi viongozi wa vijiji, krasha isiwashwe karibu na shule wala makazi. Mwenye mradi aonyeshe kwanza leseni ya madini na cheti cha mazingira, kisha awaonyeshe maji yatatoka wapi wakati wa kiangazi.